Je, Wajua? Bunduki ya Dukani na Bunduki ya Kuungaunga

Je, wajua kwamba kwa sheria ya Marekani, bunduki ya AR-15 si mtutu, si kitako wala si triga? Ni kipande kimoja cha alumini kinachoenea kiganjani, ambacho peke yake hakiwezi kufyatua hata kifuniko cha soda. Wenyewe wanakiita risiva ya chini. Hicho ndicho kilichochongwa namba ya mfululizo, na ndicho kinachomlazimu mnunuzi ajaze fomu namba 4473 dukani na kusubiri FBI wapekue rekodi yake. Vilivyobaki, mtutu ukiwemo, katika majimbo mengi huagizwa kwa posta na kuachwa mlangoni pamoja na barua za umeme na maji.

Ndiyo maana wapenda bunduki wa huko hawaishi kubishana: ununue iliyokamilika, au ununue vipande uiunge mwenyewe mezani? Msimamo wangu nautoa mapema, msomaji asije akaupekua chini ya takwimu. Chuma cha pande zote mbili kwa kawaida ni kilekile. Tofauti kubwa iko kwenye makaratasi.

Je, wajua kwamba bunduki iliyomuua Rais John F. Kennedy mwaka 1963 ilinunuliwa kwa posta? Lee Harvey Oswald alikata kuponi jaridani, akatuma hawala ya dola 21.45 kwa duka moja la Chicago, na bunduki ya Kiitaliano aina ya Carcano ikamfikia kwenye sanduku la posta, darubini juu. Bei yenyewe ilikuwa dola 19.95, iliyobaki ni gharama ya kusafirisha. Baada ya Martin Luther King na Robert Kennedy kuuawa mwaka 1968, Rais Lyndon Johnson alitia saini Sheria ya Kudhibiti Silaha mwezi Oktoba mwaka huohuo. Sheria hiyo iliziba mlango wa posta kwa bunduki nzima. Vipuri havikuguswa.

Na kabla ya 1968? Watengenezaji hawakulazimika kuweka namba kwenye kila silaha. Bunduki nyingi ndogo za .22 na shotgani nyingi zilitoka viwandani zikiwa tupu, bila namba yoyote, na hadi leo ni halali kuwa nazo. Mtu akizikuta kwenye dari ya nyumba ya babu yake hana haja ya kudhani zimefutwa namba.

Je, wajua kwamba kipande kinachohesabiwa kuwa “ndiyo bunduki” hubadilika kulingana na aina ya silaha? Kwenye AR-15 ni nusu ya chini. Kwenye FAL ya Wabelgiji ni nusu ya juu. Kwenye bastola ya Sig Sauer P320 ni kijimtambo cha triga kilichofichwa ndani, kinachochomolewa na kuvishwa mwili mwingine wenye ukubwa na rangi tofauti. Mwili wa plastiki anaoushika mwenye bastola, kisheria, ni kava tu.

Kituko kingine kinahusu umri. Kwa sheria ya shirikisho, kijana wa miaka 18 anaruhusiwa kununua bunduki ndefu iliyokamilika kwenye duka lenye leseni. Akitaka risiva tupu, ile ya kuanzia kuunga, anaambiwa arudi akifikisha miaka 21. Sababu yake ni ya kisheria kabisa: risiva tupu haijawa bunduki ndefu bado, inaweza kuishia kuwa bastola, kwa hiyo huwekwa kwenye kundi la “nyinginezo”. Basi silaha inayofyatua inapatikana miaka mitatu kabla ya kipande kisichofyatua. Baadhi ya majimbo yamepandisha umri kwa bunduki zote, na huko kituko hiki hakipo.

Je, wajua AR ni nini? Ni herufi mbili za mwanzo za ArmaLite, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1954 huko Hollywood, California, kama tawi la kampuni ya ndege ya Fairchild. Hizo ndege ndizo zinazoeleza mambo mengi. Wakati mafundi wengine wa bunduki walikuwa bado wanachonga chuma kizito na mbao za mjozi, mhandisi mkuu wa ArmaLite, Eugene Stoner, alikuwa jirani na watu wanaojua alumini na plastiki. Bunduki yake ya kwanza kubwa ilikuwa AR-10. Wenzake wawili, Robert Fremont na James Sullivan, wakaipunguza mwili ili itumie risasi ndogo, na hiyo ndiyo ikawa AR-15. ArmaLite haikuwa na pesa za kuisukuma sokoni, ikauza haki zake kwa Colt mwaka 1959.

Colt waliinadi kwa matikiti maji. Tarehe 4 Julai 1960, kwenye sherehe ya sikukuu ya uhuru huko Maryland, Jenerali Curtis LeMay wa Jeshi la Anga alipewa bunduki hiyo ajaribu. Mbali kidogo yalikuwa yamepangwa matikiti. Jenerali akayapasua, akafurahi, na Jeshi la Anga likawa mteja wa mwanzo mkubwa. Toleo la raia, lisilomimina risasi mfululizo bali linalotoa moja kila triga ikivutwa, liliingia madukani mwaka 1964 kwa dola 189.50.

Hapa kuna jambo dogo ambalo waungaji wa leo hulijua kwa uchungu. Kwenye toleo hilo la raia, Colt walipanua makusudi pini ya mbele, ile inayoshika nusu ya juu na nusu ya chini. Ya jeshini ina kipenyo cha inchi 0.250, ya raia wakaipa inchi 0.315. Lengo lilikuwa mtu asichukue nusu ya bunduki ya jeshi akaivalisha ya nyumbani. Zaidi ya miaka 60 baadaye, anayenunua Colt ya zamani kwa ajili ya vipuri bado anakutana na tundu lisilolingana, na inambidi atafute pini ya pekee yenye vipenyo viwili.

Hataza ya Stoner ilitolewa Septemba 1960, ikaisha muda wake 1977. Kuanzia hapo kiwanda chochote kiliweza kutengeneza kipande chochote, na vipande vikawa vinaingiliana. Colt wenyewe walitangaza mwaka 2019 kwamba wanasitisha kutengeneza bunduki hizo kwa soko la raia, wakisema soko limejaa. Mwaka 2022 chama cha wafanyabiashara wa silaha cha Marekani, NSSF, kilikadiria kwamba bunduki za familia hii zilizo mikononi mwa raia zimepita milioni 24.

Je, wajua kwamba chapa nyingi zinazogombana kwenye matangazo zina mama mmoja? Risiva ya AR-15 ya kawaida huanza kama donge la alumini ya daraja la 7075 lililofuliwa kwa nguvu, na viwanda vya kufua madonge hayo Marekani ni vichache. Kampuni zenye majina makubwa hununua donge ghafi, zikalichonga, zikalipaka, zikaligonga nembo. Ukitazama ubavuni, kwenye chuma kisichochongwa, unaweza kuona alama ndogo ya kiwanda cha mwanzo: yenye umbo la tundu la ufunguo, kwa mfano, ni ya Cerro Forge. Bunduki mbili zinazopishana bei kwa mbali huweza kuwa na tundu la ufunguo lilelile.

Hiyo haina maana kwamba zinafanana. Kuna tofauti ya nani alichonga, nani alipima, na mangapi yalitupwa kwenye pipa la mabovu kabla yako. Ila ni vizuri kujua unacholipia.

Je, wajua kwamba wazo lenyewe la kutengeneza silaha kwa vipande vinavyobadilishana lilizaliwa Ufaransa? Mwaka 1785, huko Vincennes karibu na Paris, fundi Honoré Blanc alimwaga mbele ya Thomas Jefferson, wakati huo balozi wa Marekani, vipande vya mitambo ya kufyatulia bunduki. Jefferson akaokota kimoja hapa kimoja pale bila kuchagua, akaviunga kwa mikono yake, vikakaa. Akaandika nyumbani akilisifia jambo hilo. Mafundi wa Ufaransa, walioishi kwa kuchonga kila kipande kwa mkono, hawakulifurahia.

Vitabu vya shule vya Marekani vilimpa sifa hiyo Eli Whitney, yule wa mashine ya pamba. Mwaka 1798 Whitney alisaini mkataba wa kuipa serikali bunduki 10,000 ndani ya takriban miaka miwili. Mwaka 1801 alifanya onyesho mbele ya wakubwa wa Washington, akiunga vipande papo hapo, wakastaajabu. Bunduki za mwisho za mkataba ule zilifika mwaka 1809. Wataalamu walipozipima bunduki zake zilizosalia, waligundua vipande vingi havibadilishani, na vingine vilikuwa na alama za kuonyesha ni vya bunduki ipi. Onyesho lilikuwa limeandaliwa. Aliyelitimiza jambo kweli ni John Hall, kwenye karakana ya serikali huko Harpers Ferry, miaka ya 1820, akiwa na geji nyingi za kupimia na jina dogo. Kijana anayeagiza mtutu kutoka jimbo moja na risiva kutoka jimbo jingine anakula matunda ya Hall, hata kama hajawahi kumsikia.

Je, wajua kwamba bunduki ya kwanza ya nusu-otomatiki kugawiwa jeshi zima kama silaha ya kila askari ni M1 ya John Garand? Jeshi la Marekani liliipitisha mwaka 1936. Garand alizaliwa Quebec, Kanada, na alifanya kazi kwenye karakana ya serikali ya Springfield. Kabla yake Mexico ilikuwa imejaribu bunduki ya Jenerali Manuel Mondragón, iliyotengenezewa Uswisi kuanzia 1908, na wawindaji wa Marekani walikuwa na Remington Model 8, kazi ya John Browning, tangu 1906.

Sasa mwulize mkusanyaji wa Garand kama yake ni “ya asili”. Akiwa mkweli, atacheka. Bunduki za vita zilirudishwa karakanani, zikavunjwavunjwa, vipande vikaingizwa kwenye masanduku ya aina moja moja, vikakaguliwa, vikaungwa upya na vyovyote vilivyokuwa karibu na mkono wa fundi. Garand iliyobaki na vipande vyake vyote vya siku ya kwanza ni adimu, na bei yake inapaa kwa sababu hiyo. Kwa hiyo silaha ambayo wengi huitaja kama mfano wa bunduki “nzima” ya kiwandani, mara nyingi ni ya kuungaunga tena zaidi ya ile ya kijana wa mezani.

Je, wajua kwamba kuna kodi inayomgusa mnunuzi wa bunduki nzima na kumkwepa mnunuzi wa vipuri? Chini ya sheria ya Pittman-Robertson ya mwaka 1937, mtengenezaji hulipa asilimia 11 kwa bunduki ndefu na risasi, na asilimia 10 kwa bastola. Fedha hizo huenda kwenye hifadhi ya wanyamapori wa majimbo. Kulungu na bata mzinga wa Marekani wanadaiwa shukrani na watu wanaowawinda. Mtutu unaouzwa peke yake haulipiwi kodi hiyo. Kitako peke yake, hapana. Lakini ukiuza kifurushi chenye vipande vyote vya kukamilisha bunduki moja, hata kama havijaungwa, mtoza kodi anahesabu ni bunduki na anadai chake. Ndiyo maana wafanyabiashara wengine huuza “kifurushi” kilichopungukiwa kipande kimoja, na hicho unakipata ukurasa wa pili.

Basi kuunga ni rahisi zaidi kwa bei? Mara chache, kwa maoni yangu. Kiwanda kinanunua springi kwa maelfu, mtu wa mezani ananunua moja. Kisha kuna vifaa vya kufungia, na bei yake haiingizwi kwenye hesabu na mtu anayetaka kumridhisha mkewe. Kuna kipini kidogo, kisichozidi punje ya mchele, kinachokaa mbele ya springi kwenye pini ya kufungulia bunduki. Kinaporuka, na huruka, mtu anaweza kumaliza jioni akiwa amepiga magoti na tochi chini ya kochi. Maduka yanalijua hilo, na huuza vipakiti vya vipini na springi za akiba.

Dhamana nayo inahesabika. Bunduki nzima ikigoma, unairudisha kwa aliyeitengeneza na mzigo ni wake. Ya kuungwa ikigoma, mwenye mtutu atasema kosa ni la bolti, mwenye bolti atasema kosa ni la magazini, na mwenye magazini atakuuliza nani aliunga. Siku ya kuuza mambo huzidi kuwa magumu, maana mnunuzi wa mtumba analipia jina la kiwanda, na jina lako si kiwanda. Anachopata muungaji ni uchaguzi: mtutu wa urefu anaoutaka, triga laini, kitako kinachomfaa mtu mfupi au anayetumia mkono wa kushoto. Pia anaijua silaha yake ndani na nje. Hayo ni mambo ya kweli na yanatosha. Sioni haja ya kuyavisha hoja ya kuokoa pesa.

Je, wajua kwamba si kila kipande cha dukani hufuata “kiwango cha jeshi”? Bomba la nyuma linalobeba kitako cha AR-15 lina vipimo viwili sokoni: kipenyo cha inchi 1.148, kinachofuata kiwango cha jeshi, na inchi 1.168, kinachoitwa cha kibiashara. Tofauti ni sehemu ndogo mno ya inchi, jicho haliioni. Lakini kitako cha bomba nene kikivishwa bomba jembamba kitachezacheza, na cha bomba jembamba hakitaingia kwenye nene kamwe.

Hilo ni la usumbufu tu. Lililo la hatari ni hili. Risasi ya .300 Blackout, iliyopata kiwango rasmi mwaka 2011, ilibuniwa ili itumie bolti ileile na magazini ileile ya AR-15 ya kawaida. Unabadilisha mtutu tu. Ni wazo la kijanja sana, na hapohapo ni mtego. Kwa kuwa magazini ni moja, risasi ya .300 huweza kuingia kwenye bunduki yenye mtutu wa 5.56, wakati mwingine ikakaa kabisa na bolti ikafunga. Triga ikivutwa, risasi nene inalazimishwa kupita kwenye tundu jembamba, na bunduki hupasuka mikononi. Wenye mitutu ya aina zote mbili huweka alama za rangi kwenye magazini, wengine hukataa kabisa kubeba aina mbili siku moja. Hao wa pili ndio ninaowaelewa.

Na .223 na 5.56 je? Kwa nje risasi hizo ni mapacha. Chemba ya 5.56 ina nafasi ndefu kidogo mbele ya risasi na hupokea msukumo mkubwa zaidi, kwa hiyo bunduki yenye chemba ya 5.56 hula zote mbili, na yenye chemba ya .223 hushauriwa ile chakula chake tu. Jibu limegongwa kwenye mtutu wenyewe. Anayenunua bunduki nzima hulisoma pia kwenye kijitabu. Anayenunua mtutu wa mtumba hana kijitabu.

Je, wajua kwa nini AR ndiyo ilikuja kuwa bunduki ya mezani na si AK? AR imeshikwa kwa pini, nati na skrubu. AK ya bati imeshikwa kwa ribiti, na mtutu wake husukumwa ndani kwa mashine ya kushindilia. Hiyo ni kazi ya karakana. Hata hivyo AK za kuungwa zipo Marekani kwa wingi, na hadithi yake ni ya forodha. Baada ya Vita Baridi, bunduki za majeshi ya Ulaya Mashariki ziliingizwa kama vipuri: risiva zimekatwa kwa moto, vilivyobaki vimefungwa kwenye mfuko. Mwaka 2005 serikali ikazuia na mitutu isiingie.

Anayeunga AK kwa vipande hivyo lazima ahesabu. Kanuni inataja aina 20 za vipande, na bunduki ya namna hiyo haitakiwi kuwa na zaidi ya 10 vilivyotoka nje ya Marekani. Magazini peke yake ina vitatu kati ya hivyo 20: mwili, kisukumizi cha ndani na kifuniko cha chini. Kwa hiyo mtu mwenye bunduki halali aliyoiunga kwa hesabu kamili anaweza kuivuruga hesabu hiyo kwa kupachika magazini ya Kibulgaria. Mnunuzi wa bunduki nzima hajui hata kama hesabu hiyo ipo, kwa sababu kiwanda kimeshamhesabia.

Je, wajua thamani ya inchi moja? Mtutu wa bunduki ndefu kama AR-15 ukiwa chini ya inchi 16, silaha inaangukia kwenye sheria ya mwaka 1934, ile iliyotungwa enzi za majambazi wa pombe. Bila kuisajili, adhabu ni kifungo hadi miaka 10. Ada ya kuisajili ilikuwa dola 200 mwaka 1934, bei ya kumvunja mtu moyo, na haikupanda hata senti kwa zaidi ya miaka 90. Sheria iliyosainiwa Julai 2025 imeishusha hadi sifuri kuanzia Januari 1, 2026. Usajili wenyewe haujaondolewa.

Kesi iliyoeleza jambo hilo vizuri ni ya mwaka 1992. Kampuni ya Thompson/Center ilikuwa ikiuza bastola pamoja na kifurushi chenye kitako na mtutu wa inchi 21. Serikali ikasema: mteja akivisha kitako na kuacha mtutu mfupi, atakuwa na bunduki haramu, kwa hiyo kifurushi chenyewe ni bunduki haramu. Mahakama ya Juu ya Marekani ikakataa, kwa kuwa vipande hivyo vina matumizi halali. Sanduku la vipande, kwa maneno mengine, huhukumiwa pia kwa kile kizuri kinachoweza kutoka ndani yake.

Miaka 32 baadaye majaji walirudi kwenye sanduku, safari hii wakaishia jikoni. Hoja ilikuwa vifurushi vya “bunduki mzimu”: vipande vyenye risiva isiyomalizika, visivyo na namba, vilivyouzwa bila kumkagua mnunuzi. Kwa sheria ya shirikisho raia anaweza kujitengenezea silaha ya matumizi yake, ila si kwa biashara. Vifurushi hivi vilikuwa vimeigeuza ruhusa hiyo kuwa soko. Mwaka 2017 polisi wa Marekani waliwasilisha takriban silaha 1,600 za namna hiyo zifuatiliwe zilikotoka. Mwaka 2021 zilipita 19,000. Mwaka 2022 serikali ikatoa kanuni kwamba kifurushi cha namna hiyo ni silaha. Mahakamani, Oktoba 2024, Jaji Samuel Alito akauliza: nikiweka mezani mayai, nyama iliyokatwakatwa, pilipili hoho na vitunguu, je, hicho ni kimanda? Jaji Amy Coney Barrett akadakia: na kama vimeagizwa vyote pamoja kutoka kwa kampuni inayouza vifurushi vya mapishi? Swali la Barrett ndilo lililoshinda. Hukumu ya Machi 26, 2025, kwa majaji saba dhidi ya wawili, ikaiacha kanuni isimame. Neil Gorsuch, aliyeiandika, alikumbusha kwamba mtu husema amenunua meza IKEA hata kama bado ina saa kadhaa za kuunganishwa.

Baadhi ya majimbo hayakusubiri. California ilishatunga sheria mwaka 2016 kwamba anayejitengenezea bunduki lazima aiombee namba. New Jersey ilipiga marufuku bunduki mzimu mwaka 2018.

Je, wajua kwamba M16, ndugu wa kijeshi wa AR-15, ilipata kitabu cha katuni? Vietnam bunduki zilikuwa zikigoma, baadhi ya askari wakakutwa wamekufa kando ya bunduki zilizofunguliwa. Baruti ya risasi ilikuwa imebadilishwa, chemba haikupakwa kromu, na askari walikuwa wamedokezwa kwamba silaha hiyo karibu haihitaji kusafishwa. Kamati ya Bunge ilichunguza mwaka 1967. Jeshi likapaka kromu, likagawa vifaa vya usafi, na likamwajiri Will Eisner, mchoraji mashuhuri wa katuni, atengeneze kijitabu cha rangi cha kufundisha matunzo ya bunduki. Hiyo ilikuwa bunduki iliyokamilika, ya kiwandani, yenye muhuri wa serikali.

Na huku kwetu? Je, wajua kwamba Sheria ya Silaha ya Kenya, Sura ya 114, haitafuti kipande kikuu? Inahesabu kipande chochote cha silaha kuwa silaha. Mtutu mtupu ndani ya begi ni kesi kamili. Tanzania nako, gobore la kushindilia baruti mdomoni, hata kama lilifuliwa na fundi wa kijijini, linahitaji leseni kama silaha nyingine. Polisi wanapotangaza msamaha wa kusalimisha silaha, magobore huwa miongoni mwa zinazorudishwa. Swali la kuunga au kununua, kwa raia wa huku, halifiki mezani. Kwa serikali linafika: Aprili 2021 Rais Uhuru Kenyatta alifungua kiwanda cha Ruiru, nje kidogo ya Nairobi, chenye uwezo wa kuunganisha bunduki 12,000 kwa mwaka ili nchi ipunguze kuagiza zilizokamilika.

La mwisho ni kwa Waswahili walio Marekani. Aliyeko huko kwa viza ya muda, ya masomo ikiwemo, kwa kawaida haruhusiwi na sheria ya shirikisho kumiliki bunduki wala risasi. Upenyo unaojulikana zaidi ni wa mwenye leseni halali ya uwindaji ya jimbo. Mwenye kadi ya ukaazi wa kudumu anaruhusiwa. Ila hata huyo, asije akathubutu kumchukulia mjomba mtutu au bolti kwenye sanduku la nguo anaporudi likizo. Vipuri vikuu vya bunduki havitoki Marekani bila kibali cha kusafirisha nje, na hata akivuka uwanja wa kule, anatua Nairobi akiwa na kile ambacho Sura ya 114 inakiita silaha.